Khedive Ismail: Meli Iliyozama na Wana wa Bara

Katika nchi ya Chakol, kati ya Busia na Malaba, mtu aweza kuzaliwa, kulima, kuoa na kuzeeka pasipo kuiona bahari hata siku moja. Kutoka Malaba mpaka Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Maji makubwa yajulikanayo na watu wa huko ni mto Malaba wakati wa mvua, na Ziwa Victoria kwa wale washukao Sio Port au Port Victoria kununua samaki. Kwa hiyo habari za meli za baharini zikitajwa mbele ya wazee waliokizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake, wasikilizaji huweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa pwani, wala hayawahusu watu wa muhogo na mtama.

Hata hivyo iko meli moja ambayo habari zake haziwezi kuelezwa kwa ukamilifu pasipo kuwataja watu wa bara. Jina lake ni Khedive Ismail. Ilizama katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944, na kundi lililokuwa kubwa kupita yote ndani yake lilikuwa la askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Mizigo ishukayo Kilindini hupita Malaba usiku na mchana kuelekea Uganda. Katika miaka ya vita, njia hiyo hiyo ya kutoka bara kwenda pwani ndiyo iliyowachukua vijana, na wengine hawakurudi.

Waliofanya kazi ya mshahara katika Kenya wakati wa ukoloni walikijua kipande. Kilikuwa karatasi iliyotiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni, nayo ilionyesha mtu aliajiriwa na nani, alianza kazi lini, na aliiacha lini. Meli nayo ina kipande chake. Huandikwa ilikoundwa, mabwana walioimiliki, safari ilizofanya, na siku ya mwisho wake. Kipande cha meli hii chastahili kufunguliwa na kusomwa, kisha msomaji ajiulize ni mambo gani ambayo kipande hakisemi.

Meli hiyo iliundwa Greenock katika nchi ya Scotland, katika kiwanda cha Scotts, ikamalizika mwaka wa 1922. Uzito wake ulihesabiwa kuwa tani zipatazo 7,500. Bwana wake wa kwanza alikuwa shirika la meli la nchi ya Chile, na jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, jina la mlima mrefu kuliko yote katika Amerika ya Kusini. Kazi yake ilikuwa ya amani: kuchukua abiria na mizigo kati ya Chile na New York kwa njia ya Mfereji wa Panama. Katika miaka ya 1930, biashara ilipoharibika duniani, ilitoka katika mikono ya shirika hilo, na baadaye ikanunuliwa na shirika la Misri lililoitwa Khedivial Mail Line. Hapo ndipo ilipopewa jina la Khedive Ismail.

Jina hilo si geni kabisa kwa watu wanaokaa karibu na mpaka wa Uganda. Ismail alitawala Misri tangu mwaka wa 1863 hata 1879, na Mfereji wa Suez ulifunguliwa katika zama zake, mwaka wa 1869. Alikuwa mtu wa tamaa kubwa, akataka nchi zote za mto Nili, hata kwenye chimbuko lake, ziwe chini ya bendera yake. Alimtuma Samuel Baker, ambaye mwaka wa 1872 alitangaza huko Masindi kwamba Bunyoro imekuwa mali ya Misri, ingawa watu wa Bunyoro walimfukuza. Baada ya Baker akaja Gordon, mwaka wa 1874. Tamaa ile iliishia katika madeni, na Ismail akaondolewa katika kiti chake. Hivyo jina la mtawala aliyetaka kuzifikia nchi hizi kwa nguvu lilikuja kuandikwa ubavuni mwa meli iliyowachukua wana wa nchi hizi hizi.

Mwaka wa 1940 Serikali ya Uingereza iliichukua meli kwa kazi ya vita, ikafanywa meli ya kuchukua askari. Meli ya namna hiyo si manowari. Haikuundwa kwa kupigana, na mizinga michache inayofungwa juu yake ni ya kujilinda tu. Ni mpagazi. Huchukua askari kutoka bandari hii mpaka ile, na uhai wake hutegemea manowari zinazoilinda.

Mwezi wa Aprili 1941 ilikuwa katika bahari ya Ugiriki, wakati majeshi ya Uingereza na ya wenzake yalipokuwa yakiondoka mbele ya Wajerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 27 ilifika karibu na bandari ya Nauplia pamoja na meli nyingine, ikiwamo meli ya Kiholanzi iliyoitwa Slamat. Kazi ya kuwatoa askari pwani kwa mashua ilikuwa ngumu, na Khedive Ismail haikupata nafasi ya kupakia hata askari mmoja. Slamat ilipakia, lakini ilikawia ikitaka kuchukua wengi zaidi, hata kukakaribia kupambazuka. Kulipokucha ndege za Wajerumani zikaifuata, zikaizamisha, na manowari mbili zilizokuja kuwaokoa watu wake, Diamond na Wryneck, nazo zikazamishwa. Watu karibu 1,000 walipotea siku hiyo. Khedive Ismail iliyaona hayo, ikapona.

Baada ya hayo iliendelea na utumishi wake, na mwanzo wa mwaka wa 1944 ilikuwa Kilindini, Mombasa. Hapo ndipo kipande cha meli kinapokutana na nyumba za bara.

Wakati ule vita vya Burma vilikuwa vikiendelea, na askari wengi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwisha kupelekwa Ceylon kufundishwa vita vya msituni. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ndiyo iliyopita baadaye katika bonde la Kabaw, katika matope na homa, hata ikauvuka mto Chindwin huko Kalewa mwezi wa Desemba 1944. Askari waliopanda Khedive Ismail walikuwa wakiwafuata ndugu zao Ceylon. Walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga, na hesabu yao, pamoja na maofisa wao, ilikuwa 996.

Yafaa kueleza kazi ya askari wa mizinga, maana watu wengi hudhani kuwa ni kufyatua tu. Mzinga mmoja ni kazi ya kundi. Mmoja huandaa risasi, mwingine huitia, mwingine hushika darubini ya kulenga, na mkubwa wao hutoa amri. Mbali nao, mtu mwingine hukaa mahali pa kuona, akapeleka habari kwa simu au redio, risasi imeanguka wapi na ipelekwe upande gani. Kazi hiyo yataka hesabu, utulivu na kuaminiana, na mtu hafundishwi kwa wiki moja. Kijana aliyetoka nyumbani hajui ila jembe na ng’ombe, akaweza kazi hiyo, alikuwa amejifunza mambo ambayo yangefaa sana nyumbani kwake baada ya vita. Hasara iliyotokea siku ile ilikuwa pia hasara ya elimu.

Msafara ulitoka Kilindini mwanzo wa mwezi wa Februari ukielekea Colombo. Ulikuwa na meli tano za kuchukua askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Manowari kubwa Hawkins ilikuwa pamoja nazo, na manowari mbili nyepesi ziendazo kasi, Paladin na Petard. Ndani ya Khedive Ismail, zaidi ya askari wa mizinga, walikuwamo mabaharia wa jeshi la Uingereza, mabaharia wa meli yenyewe, na wanawake waliokuwa katika utumishi wa vita, hasa mabibi wauguzi waliokuwa wakienda kuwatunza majeruhi. Jumla ya watu wote ilikuwa 1,511.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara ulikuwa umefika kusini-magharibi ya Visiwa vya Maldives. Ceylon haikuwa mbali tena. Bahari ilikuwa shwari na jua kali. Ilikuwa yapata saa nane na nusu mchana, watu wamekwisha kula. Baadhi ya abiria walikuwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki, na askari wengi walikuwa wamepumzika katika vyumba vya chini. Hakuna aliyejua kwamba nyambizi ya Kijapani, yaani manowari iendayo chini ya maji, ilikuwa ikiwavizia. Namba yake ilikuwa I-27, na mkubwa wake aliitwa Fukumura. Ilikuwa imekwisha kuzamisha meli nyingi katika Bahari ya Hindi.

Topedo mbili ziliipiga Khedive Ismail, zikaharibu sehemu ya mitambo na matangi ya mvuke. Meli ililala ubavu, ikavunjika, ikazama katika muda wa dakika mbili. Dakika mbili ni muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyake. Aliyekuwa chini hakuwa na nafasi ya kuipata ngazi, kwa maana ngazi zilikuwa zimekwisha kupinduka. Walioweza kutoka walikuwa wale waliokuwa juu au karibu na mlango, au waliorushwa na maji. Wakajikuta katika mafuta na mbao, wengine wakishika vipande vya meli, wengine wakiogelea, na wale waliokua mbali na maji makubwa, wasiojua kuogelea, wakishikilia chochote kilichoelea.

Meli nyingine nne zilitawanyika upesi kama zilivyoamriwa, maana meli isimamayo kuokoa watu mbele ya nyambizi hujitoa iuawe. Paladin na Petard zikabaki. Paladin ikateremsha mashua kuwaokota watu. Petard ikaanza kuitafuta nyambizi, na ndipo likatokea jambo zito kupita yote katika historia hii.

Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya mahali pale pale watu walipokuwa wakielea. Silaha ya kuipiga ni bomu litupwalo majini, likashuka na kupasuka kilindini. Mpasuko wake huweza kumuua mtu aliye majini karibu. Mkubwa wa Petard, Kamanda Rupert Egan, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akiacha kutupa mabomu, nyambizi ingeweza kuzifuata meli nne zilizobaki, zenye maelfu ya watu. Akitupa, angewaua watu waliokuwa wakinyoosha mikono kumwomba msaada. Alitupa. Walio majini waliiona manowari ya upande wao ikiwajia kwa kasi, wakadhani inakuja kuwaokoa.

Mabomu hayo yaliilazimisha nyambizi kupanda juu. Petard na Paladin zikaipiga kwa mizinga, lakini risasi hazikuweza kutoboa ubavu wake wa ndani. Paladin ikaelekea kuigonga, ikaamriwa kuacha, na ilipokuwa ikigeuka chuma cha nyambizi kikapasua ubavu wake, maji yakaingia. Petard ikarusha topedo saba, moja baada ya nyingine. Ni ya mwisho iliyoipata I-27 na kuizamisha pamoja na karibu mabaharia wake wote. Mapigano hayo yalichukua zaidi ya saa mbili. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297, na kati yao wanawake 77. Katika nchi zote za Jumuiya ya Madola haijatokea siku nyingine katika vita vile iliyowaua wanawake wengi hivyo walio katika utumishi.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa mtu aliyekaa chini ya mwembe kusema Egan angefanya hivi au vile. Wako waliosema alifanya lililompasa, kwa kuwa nyambizi ile ilikuwa ikiwinda, na meli nne ziliokoka. Wako waliookolewa ambao hawakuweza kusahau waliyoyaona. Maneno yote mawili ni ya kweli, wala moja halifuti jingine. Lakini iko hesabu ambayo huachwa mara nyingi katika mashauri hayo. Waliokuwa majini hawakuulizwa. Wengi wao walikuwa wana wa nchi ambazo hazikuwa na sauti katika kuanza vita wala katika kuviongoza. Walilipa gharama ya uamuzi huo kwa miili yao, na nyumba zao zililipa kwa miaka iliyofuata. Mtu akisifu ushindi juu ya I-27, na awataje pia hao walioulipia.

Wakati wa vita habari za meli zilizozamishwa hazikutangazwa upesi, ili adui asipate faida. Habari ya kifo ilisafiri kwa ofisi: kutoka jeshini mpaka kwa mkuu wa wilaya, kutoka kwake mpaka kwa chifu, na kutoka kwa chifu mpaka mlangoni. Fikiri basi nyumba iliyopokea habari kwamba mwana wao amekufa majini. Katika nchi za magharibi ya Kenya, mtu akifa hurudishwa nyumbani. Kaburi lake huonyesha kwamba alikuwa wa boma hili, na watoto wakiuliza huonyeshwa mahali. Aliyekufa Khedive Ismail hakuacha kaburi. Palibaki picha, kama ilikuwapo, au barua moja, au fedha za jeshi zilizokuja kwa hundi. Na mahali pengine hapakubaki kitu ila jina lililotamkwa na mama yake mpaka naye alipokufa.

Majina ya askari waliopotea na meli hiyo yamechorwa katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye barabara ya Ngong. Hilo si jambo dogo. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa vita ile ya kwanza waliotolewa katika nchi hizi wamo katika hesabu hiyo. Wana wa Khedive Ismail walipata walau jina katika ukuta. Lakini jina lililo Nairobi lisilojulikana Chakol ni kama barua iliyofika posta isichukuliwe na mwenyewe.

Na kulichukua si rahisi daima. Mpaka wa Kenya na Uganda umepita katikati ya Wateso. Kijana wa upande huu huenda aliandikishwa Tororo, au wa upande ule huenda aliandikwa kuwa wa Kenya. Huenda karani asiyejua Kiteso aliliandika jina kama lilivyomfika masikioni, au akaandika jina la ubatizo peke yake pasipo la ukoo. Mtafutaji asikate tamaa kwa kutoona jina kama linavyoandikwa leo. Daftari la Tume hiyo liko wazi kwa kila mtu, naye aliye na simu yenye intaneti aweza kulitafuta akiwa Malaba sokoni: jina, namba ya jeshi, rejimenti, na tarehe ya kufa. Tarehe ikiwa 12 Februari 1944, na jeshi likiwa la mizinga la Afrika ya Mashariki, basi nyumba hiyo imepata jibu lake.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, si ya simu. Ni ya kuwauliza wazee wakiwa bado wapo. Watoto wa askari wa vita ile sasa ni wazee wenyewe, na kila mwaka mmoja huzikwa pamoja na yale aliyoyasikia kwa baba yake. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika majina ya waliokwenda vitani kutoka kila kijiji, waliorudi na wasiorudi. Karani aweza kuyapiga chapa na kuyatunza. Mkulima ambaye hakusoma sana aweza kutoa jambo ambalo ofisi hazina: jinsi mtu huyo alivyoitwa na wenzake, alichunga ng’ombe wa nani, na alimwacha nani nyumbani siku aliyoondoka.

Kipande cha meli Khedive Ismail kimekwisha. Kinasema iliundwa mwaka wa 1922, ilitumika chini ya majina mawili, ikafa mwaka wa 1944 katika dakika mbili. Hakisemi katika wale 996 ni nani aliyekuwa na mke, ni nani aliyekuwa akijenga nyumba, wala ni nani aliyeahidi kurudi na kununua jembe la kukokotwa na ng’ombe. Mambo hayo hayamo katika madaftari ya bahari. Yamo katika maboma, na wenye maboma wasipoyaandika, hapatakuwa na mwingine wa kuyaandika.